Kona za Ukuta: Umaliziaji wa Kazi kama Somo la Skuli ya Msingi

Neno umaliziaji hutumika sana hapa Pemba tunapozungumzia ujenzi wa skuli zetu. Kwa desturi ya miaka mingi, wanakijiji huanza kujenga madarasa kwa nguvu zao wenyewe: huchimba msingi, hukusanya mawe na mchanga, na hunyanyua kuta mpaka usawa wa linta. Baadaye Serikali au mfadhili huombwa kusaidia kuezeka na kumalizia. Kila aliyesafiri kisiwani humu ameziona kuta za namna hiyo, zimesimama bila ya paa wala lipu, zimeota majani juu, kwa kuwa hatua ya umaliziaji haijafika. Kwa hiyo mtoto wa Pemba hulisikia neno hili mapema, na aghalabu hulisikia kama jina la kitu kinachongojwa, kitakacholetwa siku moja na mtu mwengine.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba umaliziaji unaweza kufundishwa, na kwamba mwalimu wa skuli ya msingi anao mfano wa kuufundishia ulio karibu naye kuliko yote, yaani ukuta wa darasa lake. Tutazungumzia kazi ya kupaka chokaa na rangi, kwa sababu ni kazi tuliyoifanya pamoja na watoto, na kwa sababu katika kazi hiyo kila pupa hujifichua yenyewe bila ya kusubiri mkaguzi. Lakini shabaha yetu si kuwatoa mafundi rangi. Shabaha yetu ni jicho la mtoto: namna gani atafundishwa kuitazama kazi yake mwenyewe kabla ya kumpelekea mwalimu.

Mtoto haji skuli mikono mitupu

Tusidhani kwamba tunamletea mtoto wa Pemba jambo geni. Ufikapo msimu wa karafuu, watoto hukaa na wazee wao usiku wakichambua. Karafuu huondolewa kwenye makonyo yake, kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa, huku macho yakiangalia mawingu. Karafuu iliyonyeshewa ikiwa juu ya jamvi, au iliyochanganyika na makonyo, hushuka daraja wakati wa kupimwa, hata kama mkarafuu ulizaa vizuri na mchumaji alipanda mpaka kileleni. Jasho la mwaka mzima huamuliwa na usiku ule wa kuchambua na siku zile za kuanika. Mtoto analijua jambo hilo kabla hajajua kuandika jina lake.

Vivyo hivyo mtoto wa pwani amewaona mafundi wa vyombo. Mbao zikishafungwa, fundi hupita kila ufa akipigilia pamba iliyotiwa mafuta, na kazi hiyo huitwa kalafati. Kisha tumbo la chombo hupakwa deheni. Mtu aliyesimama ufukweni haioni kalafati, bali anaona tanga na umbo la chombo. Hata hivyo, hakuna nahodha atakayekubali kwenda nje na chombo ambacho ufa mmoja umesahauliwa.

Na tukirudi nyuma zaidi, kisiwa chetu kina magofu yanayotufundisha somo hilo hilo. Huko Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, mabaki ya msikiti na makaburi ya nguzo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa. Pujini, katika ngome ya karne ya 15 ambayo masimulizi huihusisha na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume, kimo chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na ukutani mwake fundi alichora kwa lipu umbo la siwa. Chumba hicho hakikuwa uwanja wa watu wengi. Hata hivyo, aliyekijenga alikimaliza.

Kwa hiyo swali letu kama walimu ni hili: mtoto aliyekulia katikati ya kazi zinazotaka uangalifu kiasi hiki, kwa nini akifika darasani hutupa daftari mezani mara tu nafasi ya kuandikia inapojaa? Jawabu tulilolipata ni kwamba skuli humwonyesha mwanzo wa kazi na humwonyesha alama, lakini mara chache humwonyesha sehemu iliyo baina ya hayo mawili. Karafuu mbovu hurudishwa na mizani, na chombo kibovu huingia maji. Daftari bovu hutiwa alama ya kosa na mtu mwengine, na mtoto hugeuza ukurasa.

Kazi huanza kabla ya rangi

Skuli tunayoisimulia iko kaskazini ya kisiwa, juu ya kilima cha udongo mwekundu. Darasa letu lilikuwa la tano. Kamati ya skuli ilipata chokaa na makopo machache ya rangi ya mafuta kwa ajili ya milango, madirisha na ule mkanda wa chini ya ukuta ambao katika skuli zetu hupakwa rangi iliyoiva ili usionyeshe uchafu. Fundi mmoja mzee wa kijiji alikubali kuja asubuhi kutuongoza, bila ya malipo, kwa sharti moja: kwamba hakuna atakayeshika brashi mpaka yeye aseme.

Siku mbili za mwanzo hapakupakwa kitu. Wanafunzi walimwagia maji ukuta na kuusugua, wakakwangua chokaa ya zamani iliyokuwa ikibambuka, wakatoa misumari iliyokufa, na sisi tukaziba nyufa. Katika kazi hiyo ndipo methali tunayoiandika ubaoni kila mwaka, ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ilipoacha kuwa zoezi la lugha. Mvua za masika, ambazo hunyesha tokea Machi hadi Mei, zilikuwa zimepita karibuni, na kila mtoto aliweza kutia kidole mahali maji yalipopitia.

Watoto walinung'unika, kwani walidhani kupaka rangi ni kupaka rangi. Hapa mwalimu ana nafasi ya kufundisha jambo la maana: kwamba ubora wa umaliziaji huamuliwa mwanzoni. Chokaa nzuri iliyopakwa juu ya vumbi hushika vumbi, nalo vumbi halikushika ukuta. Miezi michache baadaye vyote viwili huanguka pamoja. Hilo tulikuwa tumelishuhudia katika skuli nyengine, ambako ukuta ulipakwa kwa haraka bila ya kuoshwa, na masika ya kwanza yakaubambua hata nguo za watoto waliokaa karibu nao zikawa nyeupe mabegani.

Sababu ni bora kuliko amri

Fundi alitufundisha jambo jengine ambalo lilitupa somo zima la sayansi. Kabla ya kupaka chokaa, aliamuru ukuta ulowanishwe. Kabla ya kupaka rangi ya mafuta kwenye mbao na kwenye mkanda wa chini, aliamuru pakauke kabisa. Mtoto anayejifunza kwa amri tupu huona mgongano: juzi mwalimu kasema ukuta uwe maji, leo asema uwe mkavu. Anayejifunza kwa sababu huona kanuni mbili zenye mantiki.

Tukaeleza hivi. Chokaa ya kwetu hutokana na mawe ya matumbawe yanayochomwa juu ya rundo kubwa la magogo. Moto huyatoa mawe hayo hewa ya ukaa, na kinachobaki ni chokaa kali ambayo ikitiwa maji huchemka na kufumka ikawa laini. Ikishapakwa ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, na polepole hurudi kuwa jiwe. Kazi hiyo ya kurudi kuwa jiwe inahitaji unyevu. Ukuta mkavu, katika jua la kaskazi hasa, huyanywa maji ya chokaa kwa ghafla, na chokaa ikabaki unga usioshikana, unaotoka kwa kidole. Ndiyo maana hupakwa nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hupewa muda wake. Rangi ya mafuta ni kinyume chake. Hiyo hujenga ngozi juu ya kitu, na maji yaliyofungiwa chini ya ngozi hiyo yatatafuta njia ya kutokea. Yakiipata, huinua rangi kwa malengelenge. Tena, lipu mpya ya saruji ina ukali unaokula mafuta ya rangi, na kwa sababu hiyo mafundi huiacha ikauke takriban wiki nne kabla ya kuipaka rangi ya namna hiyo.

Tunasisitiza maelezo haya kwa sababu mwalimu mwanafunzi huweza kudhani kwamba umaliziaji ni tabia tu, yaani unadhifu, subira na utii. Tabia hizo ni njema, lakini hazitoshi. Mtoto mtiifu asiyejua sababu ataulowanisha hata mlango wa mbao. Kila jambo dogo la mwisho lina sababu yake katika maumbile ya kitu kinachofanyiwa kazi, na mtoto aliyeelezwa sababu hiyo anaweza kuamua mwenyewe pale ambapo mwalimu hayupo.

Kona kabla ya katikati

Ilipofika zamu ya brashi, watoto wote walikimbilia katikati ya ukuta, kwani katikati ni pana na kazi huonekana haraka. Fundi aliwarudisha. Alianza kwenye kona, chini ya dari, kandokando ya miimo ya mlango na kuzunguka madirisha, akitumia brashi nyembamba na mkono wa taratibu. Katikati akawaachia mwisho. Fundi rangi yeyote mzuri hufanya hivyo, na sababu yake ni nyepesi. Mtu akianza na katikati, hufika kona akiwa amechoka, rangi imepungua na moyo wake umekwisha kuridhika. Akianza na kona, katikati hujimaliza.

Mwanafunzi mmoja wa kike, aliyepewa brashi chini ya kizingiti cha dirisha upande wa nje, alisimama akauliza, "Babu, hapa chini nani atapaona?"

Fundi alimjibu, "Mvua itapaona, mjukuu wangu."

Kisha akamwinamisha, akamwonyesha jinsi tone la maji linavyoteremka juu ya kizingiti, likageuka chini yake, likatambaa mpaka kwenye ukuta. Pale ambapo hapakupakwa ndipo linapoingia, na likishaingia hufanya kazi kutoka ndani. Yule mtoto alirudia kupaka mahali pale mara mbili bila ya kuambiwa.

Neno hilo la fundi twaliona kuwa jawabu bora kwa mwalimu yeyote anayeulizwa na mtoto kwa nini asahihishe herufi kubwa, au aandike kipimo baada ya jawabu la hesabu, au afute mistari ya ziada katika mchoro. Tukimjibu kwamba mwalimu ataona, au mkaguzi ataona, tumemfundisha kuogopa jicho la mtu, na jicho la mtu hudanganyika. Yafaa aonyeshwe ni nani atakayeitumia kazi hiyo na nini kitaharibika. Barua isiyo na tarehe humsumbua aliyeipokea. Jawabu lisilo na kipimo halimwambii mnunuzi kama ni pishi tano au kilo tano. Hiyo ndiyo mvua ya daftari.

Kutazama kwa ubavu

Jambo la mwisho alilotufundisha fundi ndilo lililobadilisha ufundishaji wetu. Ukuta ulipokauka, watoto walisimama mbele yake wakausifu. Fundi akawaambia wasubiri mpaka kesho asubuhi, jua linapoingia mlangoni kwa chini. Asubuhi ile aliwapanga mmoja mmoja kando ya ukuta, shavu karibu ya kugusa, wautazame kwa ubavu. Kwa mwanga ule wa pembeni, kila uvimbe ulikuwa na kivuli chake, na kila mahali palipokosa rangi palionekana kama doa la maji. Wakapewa chaki, wakaambiwa watie duara dogo kila walipopatilia shaka. Fundi hakutia hata duara moja.

Mvulana mmoja aliyekuwa akikaa nyuma kabisa darasani, ambaye hakuwa na sifa yoyote ya masomo, alitia maduara mengi kuliko wote, na yote yalikuwa ya kweli. Aliona mahali ambapo sisi wenyewe tulikuwa hatujapaona.

Wiki iliyofuata tulilihamishia jambo hilo kwenye daftari. Tuliwataka wanafunzi, kabla ya kuleta kazi, waisome upya na watie nukta ndogo ya penseli pembeni mwa kila mahali wanapopatilia shaka. Hatukutoa adhabu kwa nukta wala zawadi kwa ukurasa usio na nukta. Faida ilionekana mara moja, nayo ilikuwa kwa mwalimu kwanza. Kosa lililotiwa nukta lilituambia kwamba mtoto ameliona lakini hana njia ya kulitengeneza; huyo anahitaji kufundishwa. Kosa lisilo na nukta lilituambia kwamba hakuliona. Huyo anahitaji kufundishwa kutazama. Na mahali palipo sahihi penye nukta palituambia kwamba mtoto anajua lakini hajiamini; huyo anahitaji kuthibitishiwa. Alama nyekundu ya kawaida huyachanganya makosa ya namna mbili za mwanzo, na jambo la tatu hailioni kabisa.

Yule mvulana wa nyuma alileta ukurasa wa kusoma uliojaa nukta karibu kila neno. Tulipokaa naye pembeni ndipo ilipodhihirika kwamba hakuwa anasoma. Katika kusoma kwa pamoja, sauti yake ilikuwa safi kama za wenzake, kwa kuwa aliifuata sauti ya darasa kwa kupungukiwa na nusu ya silabi. Alikuwa amepanda darasa baada ya darasa kwa njia hiyo. Nukta zake zilionyesha kwamba silabi nyepesi alizijua. Zilizomsimamisha ni zile zenye konsonanti zilizofuatana, kama mbw, ndw, ng'w na nyw, na akishasimama katika neno moja, sentensi nzima humpotea. Ulikuwa ukuta ambao katikati yake imepakwa vizuri na kona zake zote ziko wazi.

Hatudai kwamba rangi ilimfundisha kusoma. Aliyemfundisha ni kazi ya kila siku, dakika kumi baada ya masomo, silabi kwa silabi, mpaka mwisho wa mwaka. Lakini rangi ndiyo iliyompa heshima ya kusema mahali asipopajua bila ya kuona haya, kwa sababu juu ya ukuta ule aliyetia maduara mengi ndiye aliyekuwa hodari. Mjomba wake alikuwa amekwisha kumwandalia safari ya dago, na kabla ya kumaliza darasa la sita aliondoka kwenda kuvua, kama wanavyoondoka watoto wengi wa vijiji vyetu. Hatukuweza kumzuia. Alipoondoka aliweza kuisoma barua peke yake, kwa taratibu, mpaka mstari wa mwisho. Laiti asingaligunduliwa mwaka ule, angaliondoka akiwa na sauti ya darasa tu, nayo haifuati mtu baharini.

Fikra ya zamani

Fikra ya kutumia kazi ya mikono kulea akili haikuanza nasi. Nchini Finland, Uno Cygnaeus aliiingiza kazi ya mikono katika skuli za umma mwaka 1866, na baadaye Otto Salomon aliieneza kutoka chuo chake cha walimu huko Nääs, Sweden. Msingi wao mmoja ulikuwa kwamba mtoto afanye kitu kizima chenye matumizi nyumbani, akifikishe mwisho, badala ya kurudia vipande vya mazoezi. Kwa upande wa Tanzania Bara, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka skuli ziwe mahali ambapo kazi na masomo havitengani. Mara nyingi fikra hiyo ilifahamika kuwa ni shamba na jembe. Nasi twaongeza kwamba kipimo chake si uzito wa kazi waliyoifanya watoto. Kazi ya mikono ambayo mtoto hapewi nafasi ya kuimaliza na kuikagua ni utumishi tu.

Tahadhari

Ni wajibu wetu kutaja hatari, kwani mwalimu anayewaita watoto kwenye kazi hubeba dhamana ya miili yao.

Kwanza, chokaa kali inapotiwa maji huchemka na kuruka, na tone moja laweza kupofua jicho. Kazi ya kuifumisha chokaa ni ya mtu mzima peke yake, watoto wakiwa mbali. Hata chokaa iliyokwisha kupoa hukwangua ngozi, kwa hiyo wanaopaka wasiitie mikono ndani, na maji safi yawe karibu.

Pili, rangi za mafuta za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hata leo, zina madini ya risasi. Mtu akizipiga msasa zikiwa kavu, vumbi lake huingia mwilini. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, nayo risasi hudhuru akili ile ile tunayoilea. Basi milango ya zamani isikwanguliwe na watoto kamwe. Ifanywe na mtu mzima, kwa maji, na mabaki yakusanywe. Panaponunuliwa rangi mpya, itafutwe isiyo na risasi.

Tatu, mtoto asipande ngazi. Kona za juu ni za fundi na mwalimu.

Ipo na hatari ya nne, isiyoumiza mwili. Tumewahi kuiona skuli iliyopakwa rangi kwa ajili ya ujio wa mgeni rasmi: upande unaoelekea barabarani uling'aa, na upande wa nyuma, ambako watoto huchezea, ukaachwa na madoa yake ya miaka mingi. Watoto wa skuli ile walijifunza somo siku ile, na walilifahamu vizuri kuliko masomo yote ya muhula. Walifahamu kwamba kumaliza ni kwa ajili ya mgeni. Mwalimu asiyeweza kupata rangi ya kutosha kuta zote ni bora asafishe zote nne na asipake hata moja, kuliko kuwapa watoto somo hilo.

Ushauri kwa mwalimu mwanafunzi

Utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, huenda usipate chokaa wala brashi. Yaliyoelezwa hapa hayazihitaji. Twashauri haya yafuatayo.

Mwanzo wa kazi yoyote, waonyeshe wanafunzi kazi moja iliyokamilika, na waulize wao wenyewe wataijuaje kuwa imekamilika. Andika majibu yao ubaoni kwa ufupi, matatu au manne tu, na uyaache hapo mpaka mwisho wa kipindi. Orodha ndefu haikumbukwi.

Anza na kona. Sehemu ngumu na ndogo ya somo, ambayo kwa kawaida huachwa mwisho na kukatwa na kengele, ipe dakika za mwanzo wakati akili ziko mpya.

Katika mpango wako wa somo, tenga dakika tano za mwisho kwa kujikagua, na uzilinde. Dakika hizo ndizo zinazoibiwa kwanza somo linapochelewa. Punguza hesabu kumi ziwe saba kuliko kuzifuta dakika tano. Wafundishe kutazama kwa ubavu: kuisoma sentensi kwa sauti ya chini, kuirudia hesabu kutoka chini kwenda juu, kulishika daftari mbali na uso. Kazi ileile ikitazamwa kwa njia nyengine hutoa vivuli vyake.

Mpe mtoto haki ya kurudia. Kujikagua kusikofuatwa na nafasi ya kutengeneza ni kumwonyesha mtu ufa na kumnyima chokaa.

Wala usiufanye umaliziaji kuwa mjeledi wa kuwapigia watoto maskini. Yupo atakayeandika kwa penseli ya nusu kidole, kwenye daftari lililoloa njiani. Umtazame anachokifanya kwa alichonacho. Fundi wetu hakuwahi kuulaumu ukuta kwa kuwa wa zamani, bali aliuliza tu kama umeoshwa.

Mwisho, twamkumbusha mwalimu mwanafunzi kwamba darasa litakalokabidhiwa kwake litakuwa na watoto arubaini, pengine na zaidi, na kati yao wengi watakuwa na katikati inayong'aa. Ataweza kusimama mbele ya darasa, akasikia sauti moja nzuri ikiitikia, akaridhika. Twamwomba asiridhike. Aende pembeni, ainame, alitazame darasa kwa ubavu, mtoto mmoja baada ya mwengine, na achukue chaki.